Baiskeli ya Baba na Mguu wa Mama

Ngokolo,
Shinyanga.
14 Machi 1953

Mpendwa mdogo wangu Bujiku,

Mwangaluka! Habari za Geita, na habari za kazi ya mgodini? Kile kifua chako kimepoa? Sisi huku tu wazima, watoto hawajambo, mvua imenyesha na pamba imeshika. Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa kaa chini usome, maana nina hasira nawe mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mama yuko hapa mjini, huu mwezi wa pili. Kile kidonda cha mguu alichokificha chini ya kanga ulipokwenda kumuaga kiliharibika. Daktari ametaka kisafishwe kila siku isipokuwa Jumapili. Siku zikirukwa, mguu utakatwa. Amesema hivyo hivyo, mama akisikia.

Kwangu hawezi kulala, mwenyewe unajua mwiko wa mama na mkwewe kukutana uso kwa uso. Amehifadhiwa na jirani yetu Mwanaima, muuza maandazi, mtu ambaye si hata ndugu yetu. Hospitali iko ng'ambo ya reli. Zamani tulikatiza nyuma ya maghala ya pamba, ukafika hata jasho halijakutoka. Mwaka huu mwenye ghala mmoja amezungusha seng'enge. Tulikwenda kumwomba aache japo upenyo wa watu wa miguu, akatuambia tuzunguke. Tuzunguke! Yeye ana gari, kuzunguka kwake ni kukanyaga mafuta. Mama anazungukia kwenye kivuko cha reli, halafu soko zima, huku anaburuza mguu.

Sikiliza yaliyotokea. Siku moja mwanangu alikuwa na homa, mama akaenda peke yake. Njiani, pale penye seng'enge upande mmoja na mtaro upande wa pili, akamwona mume wangu Mihayo anakuja na baiskeli kutoka kazini kwenye kinu cha pamba. Basi mama akajitupa kwenye miiba ya seng'enge, amwachie mkwe njia. Mihayo naye, kwa heshima hiyo hiyo, akajitosa mtaroni na baiskeli yake, akageuza uso. Wakakaa hivyo, mmoja huku, mmoja kule, kila mmoja anangoja mwenzake apite! Mihayo alikuwa anamsikia mama akigugumia kwa maumivu, lakini kutoka hathubutu.

Mwanaima ndiye aliyewakuta, na beseni lake kichwani. Aliwafokea wote wawili: "Nyie Wasukuma mna wazimu! Mtu anavuja damu na baiskeli hii hapa!" Akamshika mama mkono, wakarudi nyumbani. Hospitali hakufika, na kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga kikafumuka upya.

Watu mtaani wanacheka wakisimulia. Mimi sicheki. Mwanamume anayeweza kumpakia mama kwenye baiskeli bila aibu ni mwana aliyemzaa, na baiskeli ya kumpakia ipo. Marehemu baba aliiacha kwa ajili ya nyumba nzima, wewe ukaondoka nayo. Selestine, mwenzako wa mgodini, amerudi kutoka huko juzi, nikamuuliza. Kumbe unalala hatua chache tu kutoka lango la mgodi! Anasema umeifunga riboni kwenye usukani, na Jumapili unaipanda kwenda ngomani. Huna haya, Bujiku? Siku nyingine inakupeleka wapi, kutoka kitandani mpaka mlangoni?

Siiombi tena. Mihayo ameniachia ya kwake, anakwenda kazini kwa miguu, anatoka alfajiri. Mimi nimevaa suruali yake chini ya kanga, nimejifunza kuendesha nyuma ya kinu, nimeanguka mpaka magoti yamechubuka. Wanawake kisimani wananiita bwana. Wacha waite! Mama anakaa kwenye keria, ananishika kiuno, na hajakosa hospitali siku tisa. Mkwe asiyeruhusiwa hata kumtazama usoni ndiye anayetembea kwa ajili yake.

Jambo moja tu. Tukifika kwenye kivuko cha reli siku za treni ya Mwanza, ile inayoleta watu wa huko kwenu, mama huniambia nisimame kidogo apumzishe mguu. Mguu wake hauhitaji kupumzika, amekaa. Ananyoosha shingo kutazama wanaoshuka pale stesheni, hata wa mwisho, ndipo anasema twende.

Mihayo anakusalimu, ingawa mimi ningekuwa yeye nisingekusalimu. Mwanaima naye anakusalimu, kwa maneno ambayo siyaandiki. Mungu akutoe salama chini ya ardhi kila siku unayoingia.

Mama anakusalimu sana. Amenikataza kukuandikia habari ya mguu wake, usije ukakosa usingizi.

Dada yako, anayekupenda na hasira zake zote,
Nyamizi