Kola za Rangi ya Njegere

Nyumba Na. 46,
Mtaa wa Latchford,
Bulwell, Nottingham.
12 Oktoba 2014

Mpendwa mwanangu Russell,

Kabla sijasema lolote nataka kujua: hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya huko Perth kimepona kabisa, au unanificha? Na mkwe wangu Leanne, mgongo unaendeleaje? Na Toby, yale meno ya mbele yameota? Mwambie bibi yake anambusu mashavu yote mawili, na pua pia.

Huku nyumbani tupo. Baba yako yupo, anakula vizuri, anakusalimu. Dada yako Janine hajambo, ingawa kazi inammaliza. Wanawe pacha hawajambo, wamerefuka mpaka najinyoosha kuwavalisha kofia. Jirani yetu Pauline hajambo, nyonga mpya imemkubali, sasa ananipita njiani kama nimesimama. Hata paka hajambo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka, mwanangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu naamka nao, tunavaa viatu pamoja.

Gulio la Bata Bukini limekuja na limeondoka. Mwaka huu hatukwenda kula njegere na kutazama bembea. Janine alituletea njegere za kupondwa na mchuzi wake wa mnanaa. Baba yako akamaliza bakuli zima, akapangusa mdomo, akaniuliza gulio litaanza lini.

Sasa utacheka. Siku hizi ninapaka rangi vijiaskari vyenu vya mchezo wa vita wa mezani. Ndiyo, mimi mama yako, niliyekuwa nawafukuza mezani wewe na baba yako ili niweke sahani.

Ilianza hivi. Unakumbuka siku ile uwanja wa ndege mlivyogawana kikosi chenu. Wewe ukachukua kumi na wawili waliokuwa tayari, baba akabaki na kumi na wawili ambao hawajaguswa, mkaahidiana kwamba atawamaliza na siku moja kikosi kitaungana. Miaka sita wamekaa kwenye kopo la biskuti. Sasa mikono yake inatetemeka hata kikombe nakijaza nusu. Mwezi wa nane akaacha kwenda ukumbini kucheza na wenzake siku za Alhamisi. Nikamuuliza, Clive, kulikoni? Akasema, "Niende na nini? Watu wangu wako uchi."

Na sheria yao unaijua: askari asiyepakwa rangi hapandi mezani, mwenyewe awe nani. Mchezo mkubwa wa mwaka ni Jumamosi ya tarehe 29 Novemba. Tangu uzaliwe hajaukosa hata mmoja. Nilimtazama amekaa pale na kopo mapajani, nikaona nikimwacha aukose huu, hatatoka tena nyumbani.

Basi Alhamisi nikamwomba Pauline akae naye, nikabeba kopo, nikaenda mwenyewe. Nilipoingia tu, mmoja akapiga kelele, "Jamani, Clive amemtuma mkewe vitani!" Nikamwambia, "Afadhali mimi. Wewe mkeo hata dukani hakutumi, unapotea." Wakacheka, wakanisogezea kiti.

Aliyenifundisha ni Terence Oldknow, yule wa posta aliyekuwa akituletea barua zamani. Vidole vyake vinene, lakini akishika brashi anachora kifungo kisichozidi punje ya haradali. Mimi kijiaskari changu cha kwanza nilikipaka kama napaka mlango wa nyuma. Pua ikapotea, vifungo vikazama. Terence akakiinua kwenye mwanga. "Mama, huyu umempaka rangi au umemzika?" Akanionyesha: rangi ichanganywe na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, upake, ungoje ikauke, urudie tena. Kupaka nimeweza. Kungoja ndiko kunakonishinda, maana nikikaa kimya mawazo yote yananijia.

Rangi ya msingi ni ile ya kopo la kupuliza. Nikaipuliza uani asubuhi yenye ukungu, askari wote kumi na wawili wakatoka na vipele kama mkate uliochacha. Siku mbili nikawasugua kwa mswaki. Terence akasema siku yenye unyevu hairuhusiwi kupuliza. Nikamuuliza, sasa hapa Nottingham tutapuliza mwaka gani?

Kitu kimoja tu nilikijua bila kufundishwa, kuichonga ncha ya brashi kwa ulimi. Kule kiwanda cha lesi tulichonga nyuzi hivyo hivyo kabla ya kuzipitisha kwenye sindano, na niliingia mle nina miaka kumi na mitano. Terence akanikodolea macho. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia msimamizi wangu wa zamani, Mungu amrehemu, na makofi yake. Janine alipokuja akaona ulimi wangu wa buluu, kidogo anipeleke kwa daktari.

Macho nayo! Nilipaka meupe, nikaweka doa jeusi katikati, nikajiona fundi. Nikawapanga mbele ya baba yako. Akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Noreen, hawa wamemwona adui au wamekuona wewe?" Akacheka mpaka akakohoa. Russell, sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta birika.

Watu wananiambia nipumzike, niache michezo ya wanaume. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nikimaliza kumvisha, kumlisha na kumtafutia miwani aliyoivaa, nakaa na vijiaskari vyangu, naye anakaa karibu. Suruali anazisifu. Buti anasema zimepita. Tumefika kwenye kola, na hapo ndipo tumekwama.

Anasema kola ni "njegere za mama". Ninyi wawili ndivyo mlivyokuwa mkiiita ile rangi mliyoichanganya wenyewe kwenye kisahani changu, wewe ukiwa na miaka kumi na miwili. Nikafikiri ni kazi rahisi, njegere si zangu? Nikazichemsha, nikazipondaponda, nikaweka kijiko kimoja pembeni ya rangi, nikalinganisha. Kijani na manjano. Akasema hapana. Nikaongeza kahawia. Hapana. Nikaongeza kijivu. Akakasirika, "Hizo ni njegere za nani?" Nikamwambia basi niambie mlitia nini. Akarudia tu, "Njegere za mama." Jina analo, mwanangu. Rangi yenyewe imemtoka.

Janine alitaka utume picha kwa simu. Terence akasema rangi ikipita kwenye simu inadanganya, na kweli, ile picha uliyotuma Krismasi kola zilikuwa kijani kwenye simu ya Janine na kijivu kwenye ya Pauline. Na kikosi kimoja hakiwezi kuwa na kola za namna mbili. Kwa hilo baba yako hasikii la mtu.

Hili linalofuata sikutaka kuliandika. Nimeliruka mara tatu. Wiki iliyopita nilimkuta dirishani, kola ya shati ameifunga vizuri, anaangalia barabara. Nikamuuliza anamngoja nani. Akasema, "Russell. Saa tisa na nusu shule inafungwa. Akija atafanya kola, yeye ndiye anayeijua ile rangi." Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Nikamwambia leo utachelewa kidogo. Akasema, "Sawa, tutamngoja." Na tangu hapo ikifika saa tisa na nusu anakwenda dirishani. Mimi kila siku namwambia umechelewa. Nimechoka kumwambia hivyo.

Sikuombi uje. Najua kazi yako, najua Toby bado mdogo, na najua ungekuja kama ungeweza. Nakuomba kitu kidogo. Wale kumi na wawili wako, chagua mmoja. Mviringe kwenye soksi ya Toby ili mkuki usivunjike, mtie kwenye boksi, umpeleke posta. Terence anasema akiondoka wiki hiyo hiyo utakayopata barua hii atafika mapema, nami nitapata siku za kuchanganya mpaka zifanane.

Ila usiniandikie mimi. Juu ya boksi andika jina la baba yako, kwa herufi kubwa. Ndani weka karatasi, kwa mkono wako mwenyewe, umwambie mlitia nini kwenye kile kisahani. Na mwanzo wake uandike hivi: "Baba, nimechelewa." Usiongeze maelezo. Nitampa aisome pale pale dirishani, saa tisa na nusu.

Janine na pacha wanakusalimu sana. Pauline anakusalimu, anasema bado anakudai radhi kwa kioo ulichovunja kwa mpira. Terence na wote wa ukumbini wanakusalimu, nafasi yenu mezani wameiweka. Mungu akutangulie asubuhi unapotoka na akurudishe salama kwa mkeo na mwanao. Kifua chako ukifunike.

Nisamehe mwandiko, na hili doa jekundu ni la makoti.

Fanya haraka, mwanangu. Usingoje Jumamosi. Nenda posta kesho.

Mimi mama yako nikupendaye siku zote,
Noreen Wragg