Mlivyotuandika Hatuna Kazi

Nekesa, mjukuu wangu,

Tangu Pasaka sijaona hata kisigino chako. Kutoka ofisini kwako hadi Baba Dogo ni magari mawili tu, si kuvuka mpaka. Kupiga simu unapiga: "Kukhu, nimebanwa, nitakuja wiki ijayo." Wiki gani hiyo isiyofika? Kama umeninunia sema, nami nikununie, tuwe sawa.

Kalamu ameishika Akinyi, kwa kuwa shule mimi sikuiona. Maneno ni yangu. Nimemkataza kuyapaka mafuta.

Watu wenu wa kuhesabu walikuja. Kijana nadhifu, kitambulisho shingoni. Nilimpa kiti akakataa, akaniuliza palepale mlangoni nimesoma hadi darasa la ngapi. Sikusoma. Akabonyeza simu yake kubwa. "Na kazi, shosho?" Nikamwambia nachagulia watu mbuzi sokoni Kiamaiko. Akatafuta, akatafuta. "Hiyo haiko kwa orodha." Basi nikaandikwa sina ujuzi, sifanyi kazi. Akinyi, niliyemfundisha mwenyewe kazi hiyo, aliandikiwa miaka yake ya shule yote mpaka kidato cha nne, kisha na yeye: hafanyi kazi. Hapo ametoka sokoni, gauni linanuka beberu. "Kwani huyu anadhani nimetoka kwaya?" akaninong'oneza. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kicheko kiliisha barazani. Chifu alitusomea mpango uliotokana na hesabu hiyo. Eti wanawake wa huku hawana kazi wala ujuzi, kwa hivyo maji na paa tulivyoomba pale kwenye zizi la mbuzi sokoni vipelekwe mtaa mwingine, sisi tufundishwe kutengeneza sabuni. Sabuni! Nikauliza nani ameandika upuzi huu. Akataja ofisi yako. Nilipokupigia ukasema, "Ni rasimu tu, Kukhu. Natia sahihi Ijumaa." Kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Usidhani nadharau kupima. Mwaka mama yako alipokuacha kwangu ulikuwa na miaka minne, na kila Jumapili kabla ya kanisa nilikuinua kwa makwapa nijue uzito wako. Jumapili moja ulipanda juu upesi mno. Nikakukimbiza kliniki, wakakuning'iniza kwenye mizani, ukalia mtaa mzima ukasikia. Nesi akanionyesha mstari kwenye kadi. "Mama, huyu anashuka." Angetazama gauni lako la riboni angesema mtoto hana neno. Alipima, akatupa unga wa uji, akataka nikurudishe kila wiki. Kusoma sijui, lakini mstari ule niliujua. Ulipoanza kupanda nilikununulia chungwa, nikalia njia nzima.

Halafu sokoni, likizo zako. Ulimwona beberu wa manyoya mazuri ukaropoka, "Kukhu, huyu mnono!" Nikakuvuta sikio mbele ya wauzaji. Mkono ukiwa mgongoni mwa mbuzi, mdomo unafungwa, hakuna bei wala sifa. Nikakuwekea vidole kwenye uti wa mgongo, ukaona mifupa inavyochoma chini ya yale manyoya. "Kumbe hana kitu," ukasema polepole. Akinyi alichukua miaka mitatu kujua hivyo. Leo wauzaji waliokulia kwenye mbuzi wanamngoja. "Mwacheni mama ashike kwanza."

Na wewe, uliyevutwa sikio na mimi, umekaa kwenye kiti cha kuzunguka, unapima nguvu ya watu wa nchi kwa kuuliza waliketi darasani miaka mingapi. Kuketi! Hata mawe ya pale nje yameketi. Utaniambia serikali inahitaji orodha moja ya kila mahali. Sawa, basi irefusheni. Ukiandika hakuna kitu mahali penye kazi, atakayepanga baada yako atamwaga sabuni juu ya watu waliokuwa wanaomba maji. Wateja wameanza kuhama kwa sababu ya tope, Nekesa. Zizi likifa, Akinyi ana watoto watatu na ujuzi ambao wewe umeandika haupo.

Picha yako ya joho iko ukutani. Siku ya baraza niliigeuza ikatazama ukuta. Asubuhi nikairudisha, maana sijui kunywa chai bila uso wako.

Ijumaa usitie sahihi. Njoo Alhamisi, jua likichomoza, na huyo kijana wako asiyekaa. Akinyi atawapeleka. Mimi sitakuja, nitabaki nikiwapikia, msije mkaandika maneno yangu badala ya yake. Muulize anachojua, muulize nani alimfundisha na yeye anamfundisha nani, na usitoke pale mpaka kazi yake iwe na mstari wake kwenye orodha yenu.

Nyanya yako, aliyekukasirikia na bado anakungoja,
Kukhu