Rafu ya Sahani za Mamangu

Rukiya mke mwenzangu,

Idi mbili hujatia mguu Mombasa, au umepata bibi mwengine huko Nairobi? Babu yako mzima, akuulizia. Aandikaye ni shangazi yako, nami namchunga asitie lake.

Wauliza utajuaje mistari ni sambamba, na mwisho wake huuoni. Nilipoolewa, fundi alinipigia rafu ya pili ya sahani za mamangu, chini ya ile ya zamani, akaapa zaenda sambamba. Sikumwamini. Nikaegemeza ufito kwenye rafu zote mbili, nikakunja karatasi ikajaa sawasawa kwenye pembe ya ufito na rafu ya juu. Nilipoishusha kwenye pembe kama hiyo ya rafu ya chini, ikabakisha mwanya.

"Hata shule hukwenda, wewe," akanambia.

"Sikwenda. Ing'oe."

Akaing'oa, akaipiga upya mpaka karatasi ikajaa. Mpaka leo sahani haijavunjika hata moja.

Ukija, lete hicho kipimapembe chako. Nacho nitakipima kwa karatasi.