Baba Hawi, Bi. Nora Anataka Kukuona

Mpenzi wangu Baba Hawi,

Nimekaa mkahawani, mgongo ukutani, soketi iko karibu na goti langu na chai imepoa bila kuguswa. Naandika neno moja mara mbili. Saa tisa alasiri Bi. Nora atapiga simu ya video, na anayetaka kumwona si mimi. Asubuhi ameandika hivi: "Kuna jambo nataka kukuuliza uso kwa uso. Leo washa kamera, tafadhali, hata kama mtandao unasumbua." Anakutaka wewe. Na wewe umelala nyumbani kwenu Kisian tangu kabla ya mvua.

Naogopa, Baba Hawi.

Unakumbuka ulivyoanza kazi hii? Nilikucheka siku nzima. Mwanaume ambaye sukuma wiki zilimkaukia kwenye gunia pale Migosi, eti ndiye wa kuwaeleza watu wa Ireland kwa nini mbegu zao za maua hazijaota! Bi. Nora anauza mbegu kwa mtandao, wateja wake wanalalamika kwa barua pepe, na wewe unawatuliza ukiwa Kisumu. Stima ya Migosi ilikuwa inapotea ovyo, ndiyo maana ukahamia kwenye mikahawa yenye jenereta. Ulikuwa na ujanja wako. Unafika mapema kabla wanafunzi wa chuo hawajavamia viti vya karibu na soketi, unaagiza chai moja, unaionja kama dawa hadi adhuhuri. Mercy, yule mhudumu, alikuwa anasimama juu yako na trei kiunoni.

"Baba Hawi, hiyo chai unakunywa ama umeioa?"

"Mahari bado nalipa pole pole," ukamjibu, na hata mtu wa kahawa kule nyuma akacheka.

Nikishafunga kibanda changu cha kushona nilikuwa nakuja kukaa kando yako, Hawi mapajani. Wewe unasema, mimi naandika, maana nilisomea uhazili na vidole vyangu vina mbio kuliko vyako. Lakini hukuridhika hata siku moja. "Wewe Nyar Uyoma, unaandika kama karani wa chifu. Weka utani kidogo, huyu mama pia ni mtu." Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa sababu mlinioa kutoka Luanda Kotieno, huko Uyoma. Mama yako aliniita hivyo kwa heshima, wewe uliniita hivyo ukitaka kunichokoza. Jioni wadudu wa ziwa wakijaa kwenye skrini, ulimwandikia Bi. Nora kwamba umepata wafanyakazi wapya na wote wanadai mshahara. Alikujibu kwamba huko kwao konokono ndio mameneja. Mlikuwa mnacheka hivyo, watu wawili ambao hawajawahi kuonana, na mimi nilikuwa naona wivu kidogo. Sikukuambia, lakini nadhani ulijua.

Halafu kifua kikakushika. Ulipolazwa, nilikaa kwenye benchi kando ya kitanda chako na kompyuta magotini. Ulikuwa unaongea kwa shida, lakini uliniita nisogee. "Mwambie nina homa kidogo tu. Usimtishe mama wa watu." Nikaandika nina homa kidogo tu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoandika pamoja. Juma hilo hilo ukaniacha.

Bi. Nora akauliza: "Umepona?"

Baba Hawi, hapo ndipo nilipokosea, na sijui hata leo ilikuwaje. Habari zako zilikuwa zimeenda kila mahali. Kanisani walitangaza, redioni walitangaza, binamu zako wa Nairobi walikuwa njiani, watu wanapigiana simu mchana kutwa. Mimi nimekaa nyuma ya jikoni, kwenye kiti cha plastiki, masufuria ya msiba yanachemka, na vidole vyangu vinaandika: "Nimepata nafuu, asante." Halafu nikamshauri mteja mmoja apunguze kumwagilia maji. Wamama waliokuwa wanamenya viazi walinitazama kwa huruma. Mama yako akaja, akaniwekea mkono begani.

"Andika vizuri, nyathina. Usisahau kusema alikuwa anapenda watu."

Alidhani naandika wasifu wako. Nikamwambia, "Sawa, Mama." Mtoto wangu, aliniita, na mimi nikifunika skrini kwa leso.

Tangu siku ile mimi ndiye wewe. Nimehama ule mkahawa wetu. Siku niliyorudi, Mercy alinikumbatia mbele ya wateja akalia, "Pole, Mama Hawi, pole sana," na jasho likanitoka nikiwaza kama angesema hivyo Bi. Nora akiwa kwenye simu. Sasa nazunguka. Leo hapa, kesho kule karibu na ziwa, na kila ninapokaa lazima ukuta uwe nyuma yangu, maana jina lililo juu ya skrini ni lako na uso ulio mbele yake ni wangu. Mtu akipita nainamisha kompyuta. Meseji ikilia, roho inaruka. Bi. Nora akitaka kupiga simu, nasema mtandao ni mbaya. Nimeusingizia mtandao wa Kisumu hadi naona haya, maana siku hizi haukati sana.

Nimesikia ya watu waliofukuzwa kazi za mtandaoni kwa kutumia jina la mwingine, tena bila hata kwaheri. Leo nikifukuzwa, sindano peke yake haitatulipia kodi ya Migosi. Nitamwambia nini Hawi? Na ikiwa Bi. Nora ataniita mwizi? Ataniita mwizi, Baba Hawi. Mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Lakini si hilo tu linalonitisha, na wewe nisikufiche. Bi. Nora ndiye mtu pekee aliyebaki duniani ambaye akiamka asubuhi anakuuliza umelalaje. Wengine wote wamekubali. Hata Hawi juzi alimwambia mwalimu "baba alikuwa anapenda samaki wa kukaanga," hivyo tu, na akaendelea kupaka rangi picha yake. Mimi kila asubuhi nafungua kompyuta, nakuta umesalimiwa, nakujibia. Nimelala vizuri, asante. Kwa muda ule mdogo wa kuandika jibu, uko mahali fulani na umelala vizuri. Huyu mama akishajua, hiyo nayo itakwisha, na sijui nitaamka kwa ajili ya nini.

Mhudumu wa hapa ameniuliza sasa hivi, "Mama, tuongeze chai ama tutoe kikombe?" Nimeruka kwenye kiti kama mtu aliyeshikwa akiiba. Nimemwambia aongeze. Saa tisa hii hapa. Inaita.

Nimerudi. Simu imekwisha na nimeosha uso.

Ana nywele nyeupe, Baba Hawi, na miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Nyuma yake kuna visanduku vya udongo hadi dirishani. Alinitazama, halafu akatazama nyuma ya bega langu, akikutafuta. Akasalimia kwa adabu, akauliza, "Yeye yuko wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Ametoka kidogo. Amepatwa na dharura. Nilikuwa nimeyarudia tangu asubuhi hadi yananitoka bila kufikiri. Nikafungua mdomo, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Amekufa. Mimi ni mke wake. Anayekuandikia ni mimi." Vijana wa meza ya pili wakageuka, wakanitazama, halafu wakarudi kwenye kompyuta zao. Sijawahi kuyasema maneno hayo kwa mdomo wangu. Msibani waliyasema wengine, mimi niliitikia kwa kichwa tu.

Bi. Nora aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nilishika ukingo wa meza nikingoja aniite mwizi. Halafu akaushusha ule mkono.

"Nilitaka kumuuliza nilimkosea nini," akasema. "Aliacha kunitania. Kila siku najiuliza ni neno gani nililosema likamuudhi. Nilitaka kumwomba msamaha."

Basi nilikuwa nimeandika kila kitu sawasawa. Mbegu, maji, udongo, salamu, hata nukta zako. Nikashindwa kuweka utani. Mwanamke wa watu amekaa miezi yote hiyo akidhani umemchukia, na kumbe ni mimi nilikuwa sina kicheko cha kumpa. Nikamwomba msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yako. Yeye analia huko, mimi macho makavu, naogopa hata kupumua. Mwisho akauliza jina langu. Nikamwambia, akalitamka vibaya, nikamrudia pole pole hadi likakaa. Habari ya kazi hakuitaja. Amesema ataandika Jumatatu. Ataandika nini, sijui, na uoga wa Jumatatu umeshaanza kunila.

Kesho asubuhi nitafungua kompyuta na hakuna mtu atakayekuuliza umelalaje.

Lala, Baba Hawi. Siku ile ya Kisian walikuzika wengine, maana mimi nilikuwa na kazi ya kujibu barua zako. Mimi nimekuzika leo, mchana kweupe, kwenye meza ya mkahawa, na ndio kwanza ninalia.

Mke wako,
Nyar Uyoma