Gari la Marehemu Tipton

Oswestry,
Jumatano, 12 Machi

Dada yangu Eluned,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, goti limetulia, na yule paka wako mzee amekuachia walau nusu ya kiti. Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi cha Januari kimekwisha. Kaburi la mke wangu Nerys nililisafisha Jumapili, na yale maua ya manjano uliyoyapanda yameanza kuchomoza. Bado nakata mkate kama alivyokuwa akikata yeye: napaka siagi kwanza kwenye uso wa mkate mzima, ndipo napitisha kisu. Ila vipande vyangu hutoka vinene upande mmoja, naye hayupo wa kunicheka.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu ilikuwa ya chini, nikakujibu kwamba laini ni mbaya. Haikuwa laini. Acha nikueleze kwa kalamu, maana kwa mdomo ningeishia njiani.

Mwezi uliopita binti yangu Lowri alikuja na tangazo alilolikata gazetini. Lilikuwa la gari la michezo, yale madogo ya viti viwili yasiyo na paa, la mwaka 1963, limefunguliwa lote na kutengenezwa nusu. Mwenyewe amefariki na mjane anauza. Alitaka tukalitazame pamoja, kwa kuwa mimi nimechomelea bodi za magari miaka thelathini na moja. Alisema nikiwa kando yake hakuna atakayemdanganya.

Wewe unajua nilivyo tangu Nerys aanguke pale kwenye kamba ya nguo, vibanio bado viko mdomoni. Simu ikilia, nasimama kwanza. Lowri akichelewa dakika kumi, natoka kumngoja langoni. Na magari yale nayajua, dada. Hayakutengenezwa yakiwa na mikanda ya usalama. Mhimili wa usukani umemwelekea dereva kifuani kama mkuki, na tangi la petroli liko nyuma ya mgongo wake. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi tuliletewa moja lililogonga mti, nikaambiwa nilioshe ndani kabla halijakatwa. Chini ya kiti nilikuta glovu ya sufu ya mwanamke, ya mkono mmoja. Niliifua, nikaianika juu ya bomba la joto, kana kwamba mwenyewe angekuja kuiulizia. Ilikaa pale hadi majira ya joto.

Nilimwambia Lowri sehemu ya hayo. Alicheka, akasema tangu mama afe hata kikaango nakiona kina hatari, na kwamba ningeweza ningemtembeza mjini akiwa amefungwa ndani ya godoro. Nilicheka pia. Jumamosi iliyopita tukaenda.

Huyo mjane, Bibi Tipton, anakaa kijijini, upande wa Clun. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza chumba. Alitupa chai na keki ya matunda kabla hatujavua makoti. Alitueleza kwamba mumewe, Horace, alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwamba kwa miaka tisa kila Jumamosi alishinda gereji. Siku sita alikuwa mume wake, alisema, na siku ya saba alikuwa kwa mke mdogo. Alilisema bila kinyongo.

Gereji ilikuwa safi kuliko jiko langu. Gari lilikaa juu ya magogo, bodi ya kijani bila magurudumu, na injini ililala sakafuni chini ya blanketi. Ukutani kulikuwa na mikebe ya peremende, kila mmoja na karatasi yake. Lowri alizisoma kwa sauti. Moja iliandikwa kwamba humo mna skrubu za mlango wa kushoto, na chini yake: usizichanganye tena, Horace, punda wewe. Lowri alicheka, Bibi Tipton akacheka naye, nami nikaona nimechelewa. Binti yangu alikuwa ameshalinunua moyoni.

Gari lisilo na paa hubebwa na vizingiti vyake, yale masanduku marefu ya chuma yaliyo chini ya milango. Kutu ikivila, hukatwa na kuwekwa vipya. Hapo ndipo mafundi wa Jumamosi hukosea. Hukata vyote viwili bila kwanza kufunga nondo kwenye uwazi wa milango, na bodi hulegea katikati. Baada ya hapo mlango haukubali kufunga sawasawa, na ajali ikitokea gari hujikunja na waliomo. Lowri alikuwa amelisoma hilo. Alipoona nondo mbili zimefungwa, moja kila upande, alinitazama kama mtoto aliyepata jibu kabla ya wenzake.

Nililala chini ya gari na taa. Nilifunga sumaku kwenye leso, nikaipitisha kila mahali kutafuta chuma kilichozibwa kwa puti, ule udongo wa mafundi ambao sumaku haiushiki. Nikapima kwa utepe kona hadi kona, mara tatu. Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilipotoka nilimwambia Lowri kwamba nondo zilifungwa baada ya bodi kulegea, si kabla, na kwamba mzee aliufungia mpindo ndani kisha akauchomelea humohumo. Nikamwambia halifai, hata angepewa bure.

Hakunibishia. Aliuliza tu kama lingeweza kukatwa upya. Nikasema hapana.

Sikujua kwamba Bibi Tipton alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alisema Horace hakuwahi kuanza kazi kabla ya kupima. Nikamjibu kwamba kupima hakusaidii ukianza umeshachelewa. Dada, nilimwambia hivyo mjane wa watu. Aliweka sinia juu ya blanketi la injini, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Basi heri hakujua," akasema. "Miaka tisa. Heri hakujua."

Kisha akatueleza kwamba mpwa wake anamjua mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa akimzuia asimwite, lakini sasa hakuna sababu. Mnunuzi angekuja Alhamisi.

Njiani Lowri aliendesha bila kuwasha redio. Nilidhani amekasirika kwa kukosa gari. Tulipopita mji wa Bishop's Castle akasema, bila kunitazama, "Sikulitaka gari sana, Baba. Nilitaka unipe Jumamosi zako." Alikuwa ameona jinsi ninavyokaa na mapazia yamefungwa. Alitaka nimfundishe kuchomelea. Alidhani tungelimaliza pamoja, hata kama ingechukua miaka tisa mingine.

Sasa nifike pale ambapo simu ilinishinda. Gari lile halijapinda, Eluned. Nilipima mara tatu kwa sababu nilikuwa natafuta kasoro na sikuipata. Bodi ingelegea, rangi ya zamani kwenye pembe za milango ingepasuka. Haikuwa na ufa hata mmoja. Nondo zilifungwa kwanza, kama inavyotakiwa. Nilipotazama kazi ya Tipton niliweza kuisoma kama daftari la mwanafunzi. Mwanzoni, kule nyuma, mistari yake ya kuchomelea inatangatanga. Kadiri unavyosogea mbele inanyooka, na ile ya mwisho ni bora kuliko yangu. Hakuwahi kuniogopesha mtu kama marehemu yule niliyekuwa nimelala chini ya kazi yake, kwa sababu hakuniachia kisingizio.

Basi nikakitengeneza mwenyewe. Niliutumia ufundi wangu, ule ule ambao Lowri aliuamini, kumfungia mwanangu njia ya kuingia barabarani. Na ili nifanye hivyo nilimnyang'anya mjane miaka tisa ya mumewe. Wiki ile tuliyomzika Nerys, kama mtu angeingia ndani kwangu akasema kwamba kwaya aliyoifundisha iliimba vibaya miaka yote, sijui ningemfanya nini.

Jana nilipanda mabasi mawili hadi kwa Bibi Tipton, nikamwambia yote jikoni pake, kofia mkononi. Hakunifokea. Alingoja birika lichemke, akalizima, akachukua funguo za gereji.

"Njoo useme kule," akaniambia. "Huku jikoni hakuwahi kukaa."

Nikaenda nikasimama kando ya gari, nikasema kwamba lilikuwa limenyooka, na kwamba mimi ndiye niliyepinda. Aliniambia nirudie, kwa sauti. Nikarudia. Alikaa juu ya sanduku la spana akalia, kisha akasema kumbe punda alikuwa mwingine. Niliinamisha kichwa, nilistahili.

Nimelinunua mimi, kwa bei ileile iliyokuwa gazetini. Leo asubuhi mpwa wake amelileta kwenye trela na mikebe yote, na sasa liko gerejini kwangu chini ya turubai. Lowri hajui. Wakati naondoka jana Bibi Tipton alinishika mkono wa koti, akasema, "Mimi nimeambiwa. Bado mmoja."

Na nikuungamie hili pia, maana ndilo baya zaidi. Mpwa yule alipoondoka, nilitoka kwenda dukani kununua kufuli. Nilijiambia gari lisilokwisha haliui mtu, na kwamba likikaa chini ya turubai sijamdanganya yeyote zaidi ya nilivyokwisha kumdanganya. Nilifika mpaka mlango wa duka. Nikarudi, nikakaa kuandika barua hii.

Jumamosi Lowri anakuja kula chakula cha mchana. Nitamwambia kabla hatujaketi mezani. Hasira yake siiogopi. Ataibeba kama mama yake, atabamiza mlango mmoja au miwili kisha ataweka birika motoni. Ninaloogopa ni litakalofuata. Namjua. Atavua koti, akunje mikono ya sweta, aniulize tunaanzia wapi. Nami nitamwonyesha, dada. Kila mstari nitakaomfundisha kuuchomelea utamsogeza karibu na barabara, na nitautaka uwe imara, kwa hiyo nitamfundisha vizuri.

Nisalimie shemeji Ifor, mwambie mbegu za vitunguu alizoniahidi bado nazingojea. Wasalimie wa kanisani walionikumbuka wakati wa msiba. Wewe ujitunze, usipande ngazi kutafuta vitu vya juu wakati yupo wa kutumwa. Na tafadhali usimpigie Lowri simu kabla ya Jumamosi. Najua umeshaunyoosha mkono.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Emlyn