Kikombe cha Nne

Migori

Mamangu mpenzi,

Asalaam aleykum, na shikamoo nyingi. Goti laendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia wewe, au umempa tena jirani? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nimenenepa hata, maana huku ukimtembelea mtu hutoki bila kula ugali na samaki, na ukisema umeshiba wanadhani umekasirika.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika katikati ya habari, unaniuliza kama nimepata mchumba. Basi leo kaa kitako usome.

Najua umekuwa ukiomba dua nirudi nyumbani. Mama, ilibaki kidogo tu ikubaliwe. Muhula huu mkuu wa chuo aliniita akaniambia kwamba timu yangu ya wasichana ya mpira wa kikapu haijaleta ubingwa tangu wachezaji wenyewe wakiwa wananyonya. Mwaka huu tukikosa tena, uwanja utakuwa maegesho ya magari ya wahadhiri, na mimi kocha nitafunga virago.

Mlezi wa timu yetu ni Daktari Odongo. Si daktari wa sindano, anafundisha historia. Chuo chetu kina vikombe vitatu tu, na yeye anavijua kama wanawe. Kabla ya kila mechi huwasimamisha wasichana akawahadithia vyote: cha kwanza, siku Homa Bay walipoogopa hata kuja uwanjani, cha pili, kilichopatikana kwenye mvua ya mawe, cha tatu, nahodha alipong'oka jino akalitia ndani ya soksi akaendelea kucheza. Akimaliza, jasho la mazoezi limekwisha kuwakauka, inabidi niwakimbize upya.

Sasa, nina mchezaji mmoja anaitwa Awino. Kwao ni Macalder, babake anachimba dhahabu. Ni mrefu mpaka huinama akiingia darasani. Mazoezini hakosi kikapu, lakini mpe mtupo huru mbele ya watu, mikono inakuwa kama ameiazima. Kwenye nusu fainali alirusha mpira ukapita juu ya ubao ukampata muuza njugu. Tulishinda kwa bahati, na njugu tukazinunua zote.

Fainali ikawa Homa Bay, kwao wenyewe. Watu walijaa, wengine na sufuria na vifuniko vya kugonga, mmoja na tarumbeta. Tulipigana mpaka sekunde za mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja. Awino akachezewa rafu. Mitupo miwili huru.

Ndugu zetu wa Homa Bay wakampandishia kelele huyo binti wa Macalder. "Nyar Macalder, hiyo utarusha kwa ziwa!" Sufuria zikalia. Awino akanigeukia na macho ya mtoto aliyeiona sindano.

Mara Daktari Odongo akapanda juu ya benchi, tai mkononi. "Awino! Kumbuka kikombe cha kwanza! Hawa watu walitukimbia!"

Nikafunika uso. Upande wa pili akainuka mzee mmoja mwenye kofia, Mzee Okeyo, aliyekuwa kocha wao zama hizo.

"Nani alikimbia? Basi yetu ilikwama kwa matope hapo Ndhiwa!"

"Matope gani? Ilikuwa kiangazi!"

"Kiangazi ya wapi? Mimi nilipoteza kiatu hapo!"

Mama mmoja akadakia kwamba ni kweli, yeye alikuwa ndani ya hiyo basi. Mwingine akasema haikukwama, iliishiwa mafuta. Mama, jukwaa zima likageuka. Waliokuwa wakigonga sufuria wakaziweka chini ili wanyooshe vidole. Hata yule wa tarumbeta aliitoa mdomoni akauliza dereva alikuwa nani.

Refa akampa Awino mpira. Awino akarusha. Ndani! Tumelingana, na hakuna aliyeona isipokuwa sisi. Akarusha wa pili. Ukazunguka juu ya chuma, ukafikiri, ukaingia. Wasichana wa Homa Bay wakatupa mpira wa mbali ukagonga ubao, na kipenga kikalia. Wenyeji walipogeuka, mabingwa tulikuwa sisi.

Mzee Okeyo aliingia uwanjani akidai mitupo irudiwe, kwa sababu mashabiki walikuwa na shughuli. Refa akamwomba amwonyeshe hiyo sheria. Mimi nilimkumbatia Awino nikamuuliza ametulia vipi.

"Kocha, nilisahau kuogopa," akasema. "Nilitaka kumaliza haraka nisikie kama kweli hiyo basi ilikwama."

Tukirudi, mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika Ndhiwa Daktari akamwomba dereva asimame. Akashuka, akatembea pembeni ya barabara, akarudi viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba. "Basi inaweza kukwama pale," akasema polepole, kama anayezika mtu.

Mkataba wangu umeongezwa, Mama, usinune. Uwanja haukuguswa. Lakini Daktari hakupata usingizi. Juzi alikitoa kikombe cha kwanza kabatini, akakifuta vumbi, tukaenda naye Homa Bay kukirudisha. Mzee Okeyo alikitazama bila kukigusa.

"Kikombe sitaki," akasema. "Mimi nataka mechi."

Basi itachezwa, na watakaocheza ni wasichana wale wale wa enzi hizo, ambao leo ni wakubwa wenzako. Wetu walipewa ubingwa siku ile bila kugusa mpira, na kumbe imewakera miaka yote. Mmoja ni mwalimu mkuu, mwingine ana duka la mbolea. Nahodha anauza omena, dagaa wa huku, kisiwani Remba; amekubali kuja kwa sharti kwamba asilazimishwe kukimbia. Kocha wao ni mimi. Jana kwenye mazoezi ya kwanza niliwaambia wazunguke uwanja. Mwalimu mkuu akaniuliza, kwa adabu, nazungumza na nani.

Mpe shikamoo Bibi, na umwambie huku nasali kwa wakati. Msalimie shangazi Saumu anayenitafutia wachumba, mwambie apumzike kidogo. Kaka Athumani wa tuktuk mpe pole ya tairi. Na mdogo wangu Rukia asiguse nguo zangu zilizo kwenye sanduku, nazijua zote.

Nakubusu mikono. Mungu akuweke.

Bintiyo,
Mwanaisha, ambaye huku wanamwita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa