Kona ya Tangi la Maji

Newala, 8 Februari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama na bibi wanaendeleaje? Na mguu wako, mvua hizi hazikusumbui? Mimi mzima, ila ukungu wa asubuhi huku haunionei huruma.

Simu hawaturuhusu bwenini, lakini hata ningekuwa nayo, hili nisingeweza kulisema kwa mdomo. Mwaka jana nilikuambia nasoma sayansi. Si kweli. Niko mkondo wa amali, nasoma uashi. Ripoti ya shule itakufikia karibuni, nimeona bora ulisikie kwangu. Nisamehe kwa uongo, baba. Kwa uashi siombi msamaha. Naupenda.

Mwanao,
Lois

Lupaso, 21 Februari 2026

Lois,

Marahaba. Sisi wazima, bibi yako anakohoa kidogo. Mbaazi zimeota vizuri.

Mguu unaouulizia, unajua ulivunjikia wapi. Nilianguka kutoka jukwaa la ujenzi kule Masasi na ndoo ya zege mkononi. Miaka ishirini na sita nimekula vumbi la saruji ili wewe ushike kalamu, leo unaniambia umefuata mwiko! Ungetaka uashi si ningekufundisha hapa hapa uani, bila sare?

Mwezi wa sita nakuhamisha.

Baba yako

Newala, 12 Aprili 2026

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu uliponiandikia, mbili hukuzijibu. Kikohozi cha bibi kimepoa?

Tunajenga msingi wa tangi la maji ya mvua. Unajua shida ya maji ya huku juu. Mwalimu wetu wa uashi, Mwalimu Reginald, bado kijana, vitabu anavijua sana, ila matofali hajayazoea. Kuta za msingi zilikwenda upande, kona ikafunguka. Ijumaa tukabomoa zote. Wenzetu wa madarasa mengine walitucheka, nikadhani mwalimu atatugombeza sisi. Badala yake akasema, "Kosa ni langu. Hili nimelisoma tu, sijalifanya. Nani ana fundi nyumbani?"

Nikanyoosha mkono.

Anaomba uje siku moja tu. Najua bado una hasira na mimi. Njoo nayo hivyo hivyo.

Mwanao,
Lois

Lupaso, 3 Mei 2026

Mwanangu Lois,

Nilifika salama Alhamisi ile ile jioni, na bibi yako, aliyepona, anataka kujua kama unakula. Nimemwambia unakula.

Kuna jambo hukuliona Alhamisi. Nyote mlidhani nimeitikia wito wa mwalimu. Sivyo. Nilikuja kuomba barua ya uhamisho. Mkuu wa shule akaniambia, "Mzee, subiri nje, watoto wako kwenye tangi." Nikasubiri. Nikaiona ile kona mnayoanza upya, nayo imeshapinda tena. Mwanangu, nilijaribu kutazama pembeni. Nikashindwa.

Nilipowatandikia kamba chini, futi tatu huku, nne kule, tano za kuunganisha ncha zake ili kona ikae sawa, Mwalimu Reginald akashika kichwa: "Mzee, hesabu hii nimeiandika ubaoni mara ngapi! Sikujua kuilaza chini!" Mimi nami sikujua kama ni hesabu. Nilifundishwa na fundi wangu, naye akafundishwa na wake.

Halafu mkasimama wote mkaniamkia mimi, "Shikamoo mwalimu." Nikaaga haraka, nikasema nawahi gari. Gari lilikuwa bado. Nilikwenda nyuma ya jiko la shule kujifuta macho. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwa heshima yangu kwa ajili ya kazi hii.

Ofisini sikurudi. Baki hapo, soma. Ila jukwaani usipande mpaka ulitikise kwanza kwa mikono yako.

Na jingine. Ile ramani ya tangi aliyonionyesha mwalimu, yenye mistari ya nukta nukta, niliitikia kwa kichwa kama ninaielewa. Sielewi. Miaka yote nimejenga kwa kuelekezwa na kwa jicho. Likizo ukija, nifundishe taratibu. Mama yako asijue kwanza.

Baba yako,
Fundi Dunstan